Foleni ya Wajawazito

Jumatatu, 26 Oktoba 2009
Uji wa ghorofa ya tatu ya nyumba hii ya wazee tayari saa moja. Nimenawa mikono mpaka imechubuka. Wazee wawili wanakohoa. Redio haina habari nyingine ila homa ya nguruwe, na wajawazito wanatajwa kila saa. Mimi ni mmoja wao. Miezi mitano, mimba ya kwanza. Kazini hajui mtu, sare ni pana. Kwetu Uvira mimba haitangazwi, inasubiriwa ionekane yenyewe. Sina wasiwasi. Nina afya kuwazidi hawa wanaonihurumia redioni.

Jumatano, 28 Oktoba
Msimamizi amenipa chumba cha mzee mwenye homa. Ati mimi ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Nikaitikia. Nimejikasirikia siku nzima. Wakati wa mapumziko nikampigia Mama. "Usiambie mutu," akasema, "hata pasta." Mume wangu, Safari, anataka niseme. Rahisi kwake, hamjui Mama.

Jumamosi, 31 Oktoba
Foleni ya chanjo imezunguka jengo. Baridi. Nesi akapita akiita wajawazito waje mbele. Nilishainua mguu, nikamwona Mama Neema wa kanisani na kitoto chake. Huyo akijua saa nne, mtaa wetu wote wa Flemingdon unajua saa tano. Nikabaki palepale, nikajifanya nimekuja kama mhudumu wa wazee tu. Nimesimama kwa saa tatu nzima. Mlango ukafungwa, dozi za leo zimekwisha. Nililia kwenye basi kwa aibu. Nimeogopa mdomo wa mtu kuliko homa.

Jumapili, 1 Novemba
Yule mzee amepelekwa hospitali. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 2 Novemba
Nimemwambia msimamizi kabla hata sijavua koti. Akasema ningemwambia mapema, akanihamishia chumba cha kufulia. Dakika moja, yameisha. Wiki nzima nilikuwa nabeba nini?

Jumanne, 3 Novemba
Nimerudi kwenye foleni ya chanjo. Nesi alipoita wajawazito, nikainua mkono, nikapita tumbo mbele. Sindano yenyewe si kitu.

Jumatano, 4 Novemba
Mkono unauma kidogo. Nimempigia Mama, nikamwambia yote: kazini wanajua, kanisani nitasema mwenyewe. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kabla yangu alibeba mimba mbili, akazitangaza kwa furaha, zote zikatoka. Kisha akauliza mtoto anapenda kucheza upande gani. Nikamwambia kushoto.