Besi na Ngoma za Wimbo wa Scola

Somanda, Bariadi
9 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Scola,

Shikamoo dada. Mwangaluka na wote hapo Nkoma. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Masele na watoto, na kwamba mguu wa shemeji umeanza kukanyaga chini tangu alipoanguka na baiskeli. Sisi hapa tunaamka. Mke wangu Elina anakusalimu sana. Ile michembe ya viazi uliyompa siku alipotoka msibani kwenu bado tunaipika na karanga. Mvua imeanza kwa kusuasua, lakini matope ya mtaa wetu unayajua, hayasubiri mvua kubwa. Barua nimempa Salu wa bodaboda aikabidhi mikononi mwako, kwa sababu simu ya hapo nyumbani inashikwa na kila mtu, na haya nataka uyasome kwanza peke yako.

Kazi ya studio imekwisha. Kwaya mbili zilizokuwa zinarekodi kwangu zimehamia kwa Maganga, yule mwenye studio karibu na stendi, na vijana wa singeli wamezifuata. Hakuna aliyenigombeza. Walikuwa wanakuja, wanasikiliza kazi yao, wanatazamana, wanaaga kwa heshima, basi. Magodoro ya kuzuia mwangwi bado yameegemea ukuta kama ulivyoyaacha, ila sasa Elina anaanika nguo humo mvua ikinyesha.

Nakumbuka siku zile tatu za Juni ulipokuja. Ulifika na wimbo wako wa mayu, mama yetu, ule ulioanza kuuimba shambani baada ya kumzika, ukaniambia kwa haya kwamba hutaki mambo makubwa, unataka tu upigwe siku ya sherehe ya mavuno kigangoni. Tulifukuza kuku uani, tukazima feni, ukaimba mara nne umefumba macho. Kisha ukakaa juu ya ndoo ukinitazama nikipanga biti. Uliniuliza mpiga ngoma yuko wapi. Nikacheka, nikakueleza kwamba hayupo. Hiyo ni ngoma iliyopigwa mara moja tu na mtu nisiyemjua, nimeihifadhi kwenye kompyuta, naikata na kuipanga ijirudie mpaka wimbo uishe. Na besi ni hivyohivyo, noti moja ya gitaa naivuta juu na chini mpaka nipate noti zote ninazotaka. Ukasema hiyo ni sawa na kulisha harusi nzima kwa kuku mmoja. Tulicheka sana siku ile.

Nilikwambia kazi ngumu ni kuzipatanisha. Ngoma kubwa na besi zote zinataka kukaa chini, mahali pamoja, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Ngoma ikipiga, besi inabidi ipishe kidogo, halafu irudi. Nilipozipatanisha uliweka mkono kifuani ukasema unazisikia ndani ya mbavu. Hiyo sehemu niliifanya vizuri, dada, hata leo naweza kuapa. Palipoharibika ni kwenye sauti za juu, kwenye matoazi na kwenye sauti yako.

Siku ya mavuno sikuwepo, ila mwalimu wenu wa kwaya, Fredrick, alinisimulia yote. Alisema uliketi mbele na kitenge kipya, umemleta na mama mkwe wako, Mungu amrehemu, asikie. Wimbo ulipoanza, kila neno lenye herufi ya s liliwachoma watu kama sindano, na matoazi yakawa kama bati linalokwaruzwa kwa msumari. Watoto walilia. Vijana wakaanza kucheka na kuziba masikio. Mama mkwe wako alijifunika kanga usoni. Fredrick akazima kabla ubeti wa pili haujaisha, akasema mashine ina hitilafu, lakini watu walikuwa wanakuangalia wewe.

Jioni ile ulinipigia, ukaniuliza: "Mdogo wangu, kumetokea nini?"

Nami nikakujibu: "Dada, mimi kazi yangu nimeifanya. Sauti yako ndiyo imechoka. Ni umri, na vumbi la pamba."

Ukasema: "Asante kwa kunieleza ukweli. Wengine wangenidanganya."

Dada, nilikudanganya. Sauti yako haikuwa na kosa lolote. Masikio yangu ndiyo yamekufa.

Unakumbuka nilivyofanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba misimu sita, nikitafuta pesa za kompyuta na spika. Kule ndani mashine zinanguruma mchana kutwa na watu wanaongea kwa mikono. Tuliziba masikio kwa pamba ileile tuliyokuwa tunaichambua, tukidhani inatosha. Februari mwaka huu nilikwenda kupima. Muuguzi alinivalisha hedifoni, akaniambia ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa mikono mapajani nikidhani mashine haijawashwa, kumbe alikuwa ameshanipigia milio minane. Akanionyesha mstari kwenye karatasi, unatambaa vizuri halafu unatumbukia kama ng'ombe aliyekosea njia korongoni. Sauti za chini ninazo. Za juu zimekwenda, na daktari alisema hazirudi. Kifaa cha kuvaa sikioni kinaweza kunisaidia kuongea na watu, lakini kwa muziki nisijipe matumaini.

Hiyo ilikuwa Februari. Wewe ulikuja Juni. Nilijua.

Ulipokuwa unaimba nilikuwa naiona sauti yako kwenye kioo cha kompyuta, inapanda na kushuka kama vilima, nami nikitikisa kichwa kana kwamba naisikia. Tangu wakati wa kurekodi hadi wakati wa kumiksi, yaani kuzichanganya sauti, niliendelea kupandisha sauti za juu mpaka nikahisi kitu kwa mbali, na pale nilipohisi kitu, mwenye masikio mazima alikuwa anaumia. Hata siku uliyonipigia simu, Elina ndiye aliyekuwa ananirudia maneno yako sikioni. Jibu nililitoa mwenyewe. Aliposikia nilichokujibu aliondoka chumbani, na hakusema nami siku mbili. Niliogopa kwamba ukijua wewe, Nkoma nzima itajua, na baada ya wiki Bariadi nzima. Basi nikakutupia wewe. Na wateja wameondoka vilevile.

Mwezi uliopita nilipeleka sauti yako kwa Maganga, nikamwomba aitoe kwenye biti langu aitengeneze upya. Aliisikiliza mara mbili, akaniandikia kwenye karatasi, maana ameshajua hali yangu: "Huyu mama anaimba vizuri sana. Wewe umeipasua wakati wa kurekodi. Haishoneki." Nilimwandikia Fredrick pia, nikamweleza kila kitu. Alijibu kwamba ameshukuru kujua, ila nafasi yako ya kuanzisha nyimbo imeshachukuliwa na mwingine, na kwamba wewe mwenyewe ulimwomba usiitwe tena.

Elina aliniambia mengine aliporudi kutoka kumzika mama mkwe wako. Wanawake walipotaka kuimba walikugeukia uanzishe, kama desturi. Wewe uliinama ukaendelea kuchagua mawe kwenye mchele mpaka wakaacha kukungoja. Tangu siku hiyo sili vizuri, dada. Yule mama amekwenda akiamini alichokisikia kwenye spika zangu.

Jana niliuweka tena ule wimbo, nikafungua sauti mpaka mwisho. Nilisikia ngoma. Nilisikia besi. Nilitafuta sauti yako mpaka Elina akaja kuzima, akisema majirani wanalalamika.

Maganga yuko tayari kukurekodi siku yoyote. Nimeliandika hilo kwa sababu ni kweli, lakini nakufahamu, na sidhani kama utakwenda. Hata ukienda, mimi sitajua umeimbaje.

Nisalimie shemeji na umpe pole ya mguu. Wabusu watoto, na Flora mwambie mkaza mjomba wake Elina anamshonea sare ya shule. Nisalimie na wale wanawake wa kwaya, kama bado mnaonana. Ukitaka kunijibu, niandikie, kwa sababu simu siisikii tena. Usiponijibu, sitamtuma mtu kuja kuuliza.

Ni mimi mdogo wako niliyekunyamazisha,

Mayige