Mshono wa Ubavuni

Jumatatu, 3 Machi

Bi Kidole amemwaga tena maji ya kufulia mbele ya mlango wa karakana yetu. Anasema ndoo ilimponyoka. Ndoo gani hiyo inayoponyoka kila Jumatatu?

Kisa chake mtaa mzima unakijua. Kikundi cha mafundi viti kilipogawana kazi ya kiwanda, Baba alipewa viti vya mbele, yeye akapewa mito ya kuegemeza kichwa. Amesema mbele ya watu kwamba na yeye angekuwa kaka wa mwenyekiti angeshona viti vya mbele. Mwenyekiti ni Baba Mdogo.

Mwalimu wa jiografia ametupa insha: kwa nini viwanda vya magari hupenda kukaa pamoja. Nimejitahidi. Nimeeleza kwamba kiwanda kikubwa kilipojengwa ng'ambo ya barabara kuu, kilifuatwa na cha vioo, kisha cha matairi, cha nyaya, cha viti — kama vifaranga nyuma ya mama yao. Nimeeleza kwamba sheria inataka sehemu ya kila gari itengenezwe na watu wa hapa, ndiyo maana kiwanda cha viti kikaja hadi mtaani kwetu, kwa mafundi waliozoea makochi na kava za teksi. Nimemalizia hivi: ujirani hupunguza gharama na huleta ushirikiano.

Kisha nikatoka kumwaga taka, nikateleza kwenye maji ya Bi Kidole.

Jumanne, 4 Machi

Baba Mdogo amekuja tukiwa tunakula. Hakuketi. Amesema mji wa reli nao unajengewa kanda yake ya magari, na kiwanda cha viti kimeanza kuwachekea watu wa kule. Mkataba wetu unakwisha mwezi huu.

"Wale?" Baba ameuliza. "Hata shuka hawajui kutandika, watavika kiti kava?"

Baba Mdogo hakucheka. Amesema kule wana cherehani za kompyuta. Hazichoki wala haziombi ruhusa ya kwenda msibani.

"Wala hazioni aibu," amesema Baba, akarudi kazini.

Nimekaa naye kumkatia nyuzi. Kila kava ya kiti cha mbele ina mshono mmoja ubavuni, upande wa mlango. Mchoro wa kiwanda unataka ushonwe kwa uzi mwembamba, ule wa kibunda cha njano, mstari mmoja tu. Baba hajaupenda tangu siku ya kwanza. Anashona kama ilivyochorwa, kisha anageuza kava ndani nje na kupitisha uzi mnene juu yake, mahali ambapo mkaguzi haoni. Uzi wake mwenyewe, bila malipo. Anasema wao wabane uzi wao, yeye habani jina lake. Ndiye fundi mkuu, na mafundi wengine wote wamemuiga, hata wasiompenda.

Kesho kutwa darasa letu linakwenda kutembelea kiwanda cha viti. Ningependa siku moja nifanye kazi mle, kwenye chumba cha michoro. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika polepole.

Aliyetupokea kiwandani ni mhandisi wa viti, mwanamke kijana mwenye viatu vya chuma mbele. Alitupeleka kwenye chumba chenye kioo kinene. Ndani palikuwa na kiti kimoja cha mbele, kimevikwa kava. Akatuambia tuzibe masikio. Akabonyeza kitufe.

Mlipuko! Ubavu wa kiti ulifunguka kama ganda la kunde lililokauka, mfuko mweupe ukaruka nje umejaa hewa. Mhandisi akaeleza kwamba mfuko huo hukaa ndani ya kiti, na gari likigongwa ubavuni hutoka na kukaa kati ya mtu na mlango. Mshono wa pale ni dhaifu kwa makusudi. Kazi yake ni kuchanika.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza, je, mtu akiushona ukawa imara?

Akasema mfuko ungefurukuta ndani kwa ndani, au ungetokea kusikotakiwa, na aliyekaa pale angeupokea mlango kwa mbavu zake. Kisha akatabasamu. "Lakini nani apoteze uzi wake kufanya hivyo?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akanisifu kwa swali zuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia.

Nilipanga maneno njiani kama tulivyofundishwa, sababu kwanza, matokeo baadaye. Nikamwamkia, nikamwambia Baba, nina neno. Aliniachia nimalize. Kisha akauliza nani alianza kushika sindano kati yangu na yeye. Nikasema ni wewe, Baba. Akauliza kama huyo mhandisi amewahi kujitoboa kidole kwa ajili ya kiti cha mtu. Nikasema sijui.

"Nilikupeleka shule usome," akasema. "Sikukupeleka ukajifunze kunipima."

Nikasema kwenye mchoro wameandika usibadilishe. Akasema ndiyo, wameandika usibadilishe, wameandika mahali gani kwa nini? Watu wazima unawapa amri bila sababu kama punda, halafu unashangaa wakitumia akili zao?

Lakini nikasema tena kwamba mtu anaweza kufa. Akanionyesha mlango.

Mama alikuwa nje akianua nguo. Aliniambia nimwache baba yangu, mwanaume akiguswa kazi yake ameguswa mboni ya jicho. Nikamwuliza, na wenye mbavu je, Mama? Akanipa kapu la nguo nibebe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na kumkuta Baba ameketi sakafuni karakanani. Mbele yake kava mbili na pampu ya baiskeli.

Hakunifukuza. Alikuwa ameingiza mpira wa ndani wa baiskeli kwenye ubavu wa kava ya kwanza, iliyoshonwa kwa uzi mwembamba peke yake. Akapampu. Mshono ukaachia taratibu, mpira ukachomoza. Akahamisha mpira kwenye ile ya pili, yenye uzi wake mnene. Akapampu, akapampu. Kava ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mshono haukusogea hata nukta. Mpira ukapasukia ndani.

Kisha akasema, bila kunitazama, nimwite Baba Mdogo.

Kikundi kimekutana mchana, hapa hapa karakanani, milango imefungwa. Mimi na Mama tulikuwa chumba cha nyuma, na ukuta wetu ni wa mbao. Baba aliwaonyesha kava zote mbili. Akasema makosa ni yake, waende kiwandani wakaseme, magari yaliyokwisha toka yaitwe yarudi.

Pakawaka moto! Mmoja alisema hajawahi kuona kondoo anayejipeleka buchani. Mwingine akasema watu wa mji wa reli watachinja ng'ombe washerehekee. Bi Kidole akasema yeye alifuata mkono wa fundi mkuu, arusi ya mwanawe ni mwezi ujao, je, fundi mkuu atamlisha mkwe? Baba akasema, wewe unashona mito ya kichwa, uzi mnene uliuweka wapi? Akajibu kwamba jina la kikundi ni moja, wakimfukuza mmoja wamefukuza wote, na hilo hata mtoto anayejifanya mhandisi anapaswa kulijua. Alisema kwa sauti kubwa ili ukuta unisikie.

Mwishowe Baba Mdogo akaamua. Kuanzia leo kila mtu ashone kama mchoro unavyosema, asizidishe hata inchi ya uzi. Yaliyokwenda yamekwenda. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Wakanyoosha mikono. Sikuona mikono mingapi. Niliisikia sauti ya Baba Mdogo ikisema, haya, na wewe kaka?

Baba hakujibu kitu nilichokisikia.

Lakini hayajapita. Yako barabarani, yana watu ndani.

Jumapili, 9 Machi

Baba hajala. Amelala amegeukia ukuta.

Nilimsikia akimwambia Mama: "Maisha yangu yote nashona mshono usichanike. Leo kosa langu ni kwamba hauchaniki."

Mama akasema, basi shukuru umejua. Akasema, nashukuru nini.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna aliyemwaga maji leo. Bi Kidole alisimama kizingitini kwake na ndoo tupu, akanitazama mpaka nikapinda kona. Bora yangekuwa maji.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu wa jiografia amekuja shuleni na gari jipya. Jeupe. Limetoka kiwanda chetu, alitutangazia, kwa nini anunue la mbali na hapa tunaunda wenyewe? Wanafunzi wakalizunguka. Binti yake mdogo wa chekechea alikuwa bado kiti cha mbele, anakataa kushuka, amekumbatia mkoba wake.

Nikamsaidia kushuka. Nikaingiza vidole kwenye mkunjo wa kava, ubavuni.

Uzi mnene. Na Baba akifunga mshono hurudi nyuma kidogo kwa mshazari, hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Niliupapasa kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu anayemjua.

Mwalimu akauliza, vipi, kimekuvutia? Nikasema kimeshonwa vizuri. Mungu anisamehe, ndilo neno lililonitoka. Akafurahi. Akaniambia insha yangu imekuwa ya kwanza darasani.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Baba nilichokishika. Baba Mdogo alikuwepo, wanapanga mzigo wa kesho. Nimemwomba Baba twende kiwandani pamoja, mimi na yeye tu, aseme kwa mdomo wake kabla mtu mwingine hajasema. Baba aliendelea kufunga kamba ya furushi. Alifunga, akafungua, akafunga tena.

Baba Mdogo ndiye aliyejibu. Alisema mtaa huu ulikuwa unakufa njaa mimi nikiwa bado naning'inia mgongoni. Alisema yeye ndiye aliyekaa kwenye mabenchi ya wakubwa mpaka suruali ikachakaa ili tupate kazi hii. Alisema mwalimu ana gari, mimi nina nini? Nikamwambia mwalimu ana mtoto.

Sauti yake ilirudi ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Fungua mdomo wako kule, halafu usiniite baba tena. Na hizo ndoto za chumba cha michoro, zizike hapo hapo getini. Nani atamwajiri binti aliyechoma nyumba yao wenyewe?"

Sikujua kama anazijua. Sijamwambia mtu. Labda macho yangu yanasema.

Nikamtazama Baba. Akasema, "Kikundi kimeamua. Mimi ni mtu mmoja." Lakini aliyaambia mafurushi.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwenye benchi la getini, kiwanda cha viti. Nimevaa sare. Shule wanajua naumwa tumbo.

Mlinzi hakunitaka. Aliniuliza kama nimekuja kuuza karanga. Nikasema nataka kumwona mhandisi wa viti. Akauliza nina miadi? Nikasema sina, lakini nina jambo la mshono wa ubavuni, amwambie hivyo hivyo. Akasema watoto wa siku hizi mkimkimbia mwalimu mnatafuta mhandisi. Nikamrudia maneno yale yale, polepole, kama unavyomsomea mtu imla. Mwishowe akapiga simu. Akaniambia nikae, anashuka.

Naandika huku nikisubiri.

Lori la kikundi limefika. Mzigo wa leo, kava zilizoshonwa kwa uzi mwembamba tu, zimefunikwa turubai. Baba Mdogo ameniona kabla halijasimama.

Ameshuka. Hakunijia mimi, amemwendea mlinzi. Wanajuana, wanashikana mikono, wanacheka kidogo. Namsikia. Anasema huyu ni mtoto wetu, siku hizi kichwa hakijatulia, mitihani imemlemea, anasema mambo ya ajabu ajabu. Anasema wampe ruhusa anirudishe nyumbani na lori.

Mlinzi ananitazama. Nimesema mimi si mgonjwa. Baba Mdogo anasema ndivyo wanavyosemaga. Nimesema tena. Mlinzi anajikuna kidevu chini ya mkanda wa kofia.

"Usiniamini mimi," Baba Mdogo anasema. "Muulize baba yake mzazi. Si yule pale?"

Sikumwona. Yuko ndani ya lori, upande wa pili wa dereva, amevaa shati lake la Ijumaa. Sikumbuki kama ameshawahi kusindikiza mzigo.

Mlinzi anaelekea kwenye lori. Mhandisi ametokea kwenye mlango wa jengo, anaangalia huku na huku, ameniona, ananiita kwa mkono.

Baba anashusha kioo.

Siendi kwanza. Nataka nisikie.