Ukope wa Kulia

Jumatatu, 5 Januari

Kofia tena. Mistari miwili tangu asubuhi, mmoja nimeufumua. Ukope wa jicho la kulia umeshuka baada ya adhuhuri, kama kawaida yake. Si sana. Asubuhi huwa juu, jioni hukaa kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Nanyanyua kidevu ili niione sindano. Shingo yaniuma.

Alhamisi wanakuja wanawake wa kijiji cha Ole kumtazama mwanangu Raya. Yeye na Hamad, kijana wa huko, wamekwisha kupendana, na wanaume watakuja kuposa baadaye. Wa kuridhishwa ni mama yake Hamad, Bi Zuwena. Kofia hii ni ya Hamad. Nimeianza mapema kwa sababu siku hizi naenda polepole, na harusi tunaitaka kabla ya Ramadhani. Shughuli haijaanza na mimi nimeshachoka.

Alhamisi, 8 Januari

Wamekuja, wamekula, wamekwenda zao. Bi Zuwena mfupi, mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Nimejitahidi kumtazama usoni kila aliposema. Raya katulia vizuri. Wakati wa kuondoka nimewajazia hotpoti ya mkate wa kumimina.

Nadhani imekwenda salama. Paji la uso lauma kwa kunyanyua nyusi kutwa.

Jumatatu, 12 Januari

Hotpoti imerudi. Kaileta kijana wa bodaboda. Imeoshwa, imekaushwa, tupu. Hata ndimu moja hamna.

Mimi tangu nipate akili zangu sijarudisha chombo cha mtu kitupu. Nikikosa kabisa hutia chumvi. Bi Zuwena naye kalelewa hivyo hivyo, kwa hiyo hakusahau. Hilo ndilo jibu lake.

Raya kaifungua, kaifunga, kaingia jikoni. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatano, 14 Januari

Wifi yangu Salma ana jamaa Ole. Kaja na habari kamili, na sukari ya kuzimezea. Bi Zuwena kasema hivi: "Mama mtu yule yuwatutizama kwa kidevu. Nyusi juu, jicho nusu, kama anunuaye mbuzi."

Nimekasirika. Kisha nimekwenda kwenye kioo, nikakaa nilivyokaa siku ile. Kweli. Ningekuwa mgeni mwenyewe ningeondoka.

Marehemu mume wangu akiliita jicho la kungu, la kurembua. Wakati ule yalikuwa yote mawili, tena kidogo tu. Sasa limebaki moja, na limekwenda mbali.

Salma anataka akawaeleze. Nimemkataza. Akisema mama ana maradhi ya jicho, watauliza kama binti naye hana. Posa itakufa mara ya pili. Yeye anasema nimepigwa kijicho. Kaniletea kombe la aya za Kurani, nimelinywa. Kombe halina ubaya. Ukope uko pale pale.

Jumatatu, 19 Januari

Mjini Chake, hospitali, na Raya. Kungoja kumenichosha kuliko ugonjwa.

Daktari wa macho msichana tu, mpole. Kaniuliza kama naona vitu viwili viwili, kama chakula chanikwama kooni. La. Kutaka kujua kama ni udhaifu wa misuli, alihitaji barafu ya kuliwekea jicho. Hapakuwa na barafu. Raya katumwa getini, karudi na barafu za ukwaju. Daktari kazifunga kwenye kitambaa, kanibandika jichoni. Ingekuwa ule udhaifu, ukope ungepanda kwa baridi. Haukupanda. Nikabaki na jicho la baridi linalonuka ukwaju. Raya akazila.

Basi ni umri, kasema, na kufikicha macho. Ule mshipa unaovuta ukope umelegea. Miaka yangu yote ya kushona nimefikicha. Nikamuuliza kama mtoto hurithi. Kasema huu wangu si wa damu. Nimemshukuru, ila nani Ole ataniamini?

Dawa? Kwanza, kuuacha. Ni mdogo, mboni haijafunikwa, haudhuru jicho. Pili, plasta nyembamba ya kuuvutia juu, kwa saa chache. Yako matone ya kuunyanyua kwa muda, hapa hayapatikani, na si kila mtu humfaa. Iko miwani yenye kijiwaya cha kuuegemeza, hapa hawatengenezi. Mwisho upasuaji. Mdogo, unachomwa ganzi uko macho, mshipa unakazwa. Mpaka Unguja. Na huenda jicho lisifumbe vizuri baadaye, likakauka, au moja likawa juu kuliko jingine, likarudiwa.

Kasema ukope ukianguka ghafla, kichwa kikauma sana au nikaona viwili, nisingoje, nije siku hiyo hiyo. Vyenginevyo nirudi baada ya Idi tuutazame tena.

Nimechagua plasta. Ya mara hii tu. Labda Bi Zuwena nitakutana naye mahali, anione jicho wazi.

Jumatano, 21 Januari

Plasta na udhu havipatani. Maji yafike kwenye ngozi. Kila sala nabandua, kila sala nabandika. Kufika alasiri ngozi nyekundu kama imepakwa pilipili. Jicho halipepesi sawasawa, lachuruza machozi juu ya kofia nyeupe. Raya kasema nafanana na mtu aliyeona jini.

Kisha kaniuliza kama Hamad ataoa kwengine. Nimechoka kuwa sababu.

Jumapili, 25 Januari

Bi Zuwena kaja. Hakutuma salamu mbele.

Salma hakuweza kufunga mdomo. Kaeneza Ole kwamba nimeonekana hospitali, basi tu, hakutaja la nini. Na mgonjwa ana haki yake ya kujuliwa hali, hata kama mmenuniana. Kaja na kikapu cha matunda ya shokishoki na uso mkavu.

Plasta nilikuwa nimeibandua kwa ajili ya adhuhuri, sikuirudisha. Kanikuta na kofia mkononi, kidevu juu, nyusi juu. Tukaamkiana. Kauliza naumwa nini. Jicho, nikasema. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaendelea kushona. Yeye ananitazama tu. Kisha kasema taratibu:

"Kumbe hata kofia waitizama vivyo hivyo."

Nimecheka. Nilidhani nacheka, kumbe machozi yanashuka, na safari hii si ya plasta. Nikamweleza yote, mpaka barafu ya ukwaju. Hakuomba radhi. Nami sikuitaka.

Kaichukua kofia, kaigeuza. Ya nani? Ya Hamad, nikasema. Kaiweka gotini, kaipima kwa shibiri.

"Hii itambana, mkwe wangu. Kichwa kakichukua kwa babake."

Kakata uzi wangu, kauzungusha hewani kama kwamba kichwa cha mwanawe kiko pale, katia fundo. Kanikabidhi. Raya alikuwa mlangoni na sinia ya chai, kasimama hapo hapo mpaka chai ikapoa.

Shokishoki tumezimimina. Kikapu chake kimerudi na mkate.

Alhamisi, 29 Januari

Wanaume wa Ole wanakuja kesho baada ya sala ya Ijumaa. Raya anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Nimeianza kofia upya kwa kipimo cha uzi. Ile ndogo nitampa mtu. Plasta nimeitia kwenye mkebe wa vifungo. Habari ya kupasuliwa ingoje baada ya Idi, au ingoje zaidi.

Leo pana upepo kidogo. Baada ya adhuhuri ukope umeshuka. Nimenyanyua kidevu, nimeendelea.