Gauni Ambalo Halikuwa Sandukuni

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Uzi.
9 Machi

Mpendwa Mamdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yameacha kukusumbua. Sisi hatujambo kabisa. Mimi nimenenepa kwa furaha. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia viatu vya mume wangu ngazini akitoka kwenye kazi yake ya vioo, moyo unanienda mbio kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Fungate ilikuwa tamu, Mamdogo. Hata sanduku letu lilipopotea uwanja wa ndege hatukununa. Siku tano tulivaa fulana za sokoni zinazofanana, watu wakatuita mapacha.

Habari za sanduku unazo. Unajua pia kwamba tulikata bima ya safari, na kwamba gauni la harusi ulilonishonea kwa mkono wako lilikuwamo. Hapo ndipo kalamu inaponiwia nzito. Halikuwamo.

Asubuhi ya safari nilikuwa nalipiga pasi, maana nilitaka kulivaa tena huko tupige picha. Mume wangu akaja mlangoni kunihimiza kwamba teksi imefika. Badala ya kuharakisha, nikambusu. Busu moja tu, na harufu ikaja. Pasi ilikuwa imelala kifuani mwa gauni, pale ulipotia shanga moja moja huku umevaa miwani mbili. Yeye alidhani kuna kitu kinaungua kwa jirani. Nikalisukuma nyuma ya kabati, nikashuka ngazi nikicheka.

Sanduku lilipopotea, nisamehe, nilishusha pumzi. Na mume wangu alipokuwa akijaza fomu ya madai, kitu cha kwanza alichoandika ni gauni, kabla hata ya suti yake, akanishika mkono kunipoza. Nikamwacha aandike.

Kumbe watu wa bima hawalipi kwa maneno matupu. Wanataka karatasi ya uwanja wa ndege, kipande cha tiketi ya mzigo, risiti. Na kitu kisicho na risiti lazima aliyekitengeneza athibitishe kwa sahihi yake. Ndiyo maana wamekutumia ile fomu. Wiki iliyopita uliponipigia ukasema utaijaza mwisho wa mwezi, na utaandika kwamba hujawahi kushona gauni zuri kama lile, nilikudanganya chaji imeisha, nikakata.

Jumapili nilimwambia mume wangu. Alilitoa nyuma ya kabati, akaliangalia sana. Nikasubiri anifokee.

"Mke wangu," akasema, "mimi nilikuoa wewe, sikuoa gauni. Lakini Mamdogo atatia sahihi uongo bila kujua. Hilo siliwezi."

Kesho yake tulienda ofisi ya bima. Ofisa wa madai ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kalamu niukate mstari wa gauni bila kuufuta, tukatia sahihi pembeni sote wawili. Akasema watu huja kuongeza vitu. Wa kupunguza, mimi ni wa pili tangu aajiriwe. Mume wangu akamuuliza wa kwanza alikuwa nani.

"Bwana mmoja aliyeorodhesha nguo za kike, halafu akakumbuka kuwa mkewe ataisoma fomu."

Tulicheka, kisha yule mama akaacha kucheka. Akasema faili letu litakaguliwa upya, na kitu kimoja cha uongo kinaweza kuangusha madai yote. Suti ya mume wangu, aliyokuwa nayo moja tu, huenda imekwenda na maji kwa ajili yangu. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa Mamdogo, nakuomba usithibitishe kwamba gauni limepotea. Andika kwamba lipo, limeungua, na mwanao alikuficha. Kwa simu nisingeweza. Ungeanza kunibembeleza kabla sijamaliza, nami ningekubali kubembelezwa. Ukikaa muda bila kunipigia, nitaelewa.

Gauni sijalificha tena. Nimelitundika chumbani, alama ya pasi ikitazama kitanda, na kila asubuhi naliona kabla sijauona uso wa mume wangu.

Nisalimie Bamdogo na wifi wa dukani. Mume wangu anakuamkia. Mungu ailinde mikono yako na macho yako.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuonea haya,

Chiriku