Mistari Sita Niliyoiacha

Kikima,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Saudia. Sisi tuko salama. Nyanya anakohoa kidogo, na mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Shule yetu imeletewa vitabu vipya vya historia, sayansi na wanawake mashujaa. Kile cha wanawake mashujaa nimekisoma mara tatu. Mwalimu Kanyiva alitaka kila mmoja wetu aandike ukurasa kuhusu mwanamke shujaa anayemjua, tuubandike nyuma ya kitabu hicho.

Niliandika juu yako. Niliandika jinsi ulivyobeba mawe ya bwawa la mchanga pamoja na kikundi cha akina mama, mimi nikiwa tumboni, na kwamba mpaka leo tunafukua mchanga pale na kuchota maji. Katunge, ambaye naketi naye dawati moja, alisoma akacheka.

"Na siku hizi huyo shujaa wako anafanya nini?"

Nilichukua ukurasa wangu. Hujapiga simu tangu Pasaka, Mama, kwa hivyo sijui.

Mwalimu aliniuliza mbona sijamaliza. Nikamwambia namngoja shujaa mwenyewe anieleze. Akasema, "Basi tutaubandika hivyo hivyo, na nafasi yake ibaki."

Nimeacha mistari sita. Hata ukiniandikia mmoja tu, nitaunakili vizuri.

Ni mimi Kalunde, ambaye wewe huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayeniita hivyo.