Mashina Ambayo Mama Hakuyachoma

Mjukuu wangu Ayuma,

Huku Bukura tuko salama. Shangazi yako bado anakohoa na bado anabishana. Unauliza kama ukiacha mashina ya mpunga shambani, bila kulima wala kuchoma, wadudu watazidi.

Wakati kila mtu alikuwa akikimbilia miwa, mama yangu alijaribu hivyo kwenye kipande chake cha bondeni. Msimu wa kwanza viwavi walitoka kwenye mashina yale, masuke yakawa meupe, matupu.

"Mama, umepanda maua?" jirani akamcheka.

"Ndiyo, ya kaburi lako."

Hakuchoma. Msimu wa pili buibui walijaa kwenye yale majani makavu, wakanasa nondo wanaozaa viwavi wale kabla hawajataga mayai. Masuke yakajaa, yakaanza kuinama. Ndipo trekta ikaja, maana baba alikuwa ameandikisha bonde lote kwa kampuni ya miwa.

"Ngojeni tu yakauke," mama akaomba.

"Mimi nimetumwa, mama," dereva akasema.

Tukakata mpunga mbichi, tukampa ng'ombe. Alishiba sana. Mama hakula.

Kwa hiyo, mjukuu, msimu wa kwanza watazidi. Wa pili ningekueleza vizuri, lakini hatukuuvuna.

Ni mimi babu yako, kuka.