Mshono wa Utumbo wa Mbuzi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Tabata hatujambo, mama yako anakusalimu. Unaniuliza kama ni vibaya kumwonea wivu mwenzako aliyechaguliwa kabla yako kusomea ubingwa wa upasuaji.

Nilipokuwa nesi, daktari mmoja aliyekuwa akisomea ubingwa huo alinituma machinjioni Vingunguti nimnunulie utumbo wa mbuzi ajifunzie kushona. Na mie nikashona kipande changu pembeni. Profesa wake akakiinua changu, akidhani ni cha mwanafunzi wake: “Huu ndio mshono!”

Yule daktari akajibu, “Asante, profesa.” Nikaenda kutupa mabaki ya utumbo.

Mwezi uliopita huyohuyo, sasa bingwa mzee, alinitoa kidole tumbo. Nilipofika nyumbani nikachukua kioo, nikaukagua mshono wake. Mzuri, mjukuu wangu, ule wangu haufikii. Iliniuma kuliko kidonda.

Bibi yako